Mitaa Miwili Kwenye Mizani ya Baba

Jumatatu, tarehe 6 Januari

Tumefika. Baba amehamishwa kikazi, na kwa wiki moja tunakaa katika vyumba viwili vya nyumba ya wageni ya ofisi yake. Baba na Mama kimoja. Mimi, Bibi na Shangazi cha pili. Shangazi ni dada yake Baba. Huuliza maswali mpaka apate majibu, na akipata majibu huyatumia kutengenezea maswali mengine.

Jumapili lazima tuwe tumehamia kwetu. Nyumba zilizopatikana ni mbili. Dalali alituonyesha zote leo. Tumempa jina la Bwana Funguo, maana anabeba funguo nyingi kiunoni hadi suruali imeinama upande mmoja. Nyumba zote ziko karibu, zinatenganishwa na barabara ya lami tu. Ukiipanda unaingia mtaa wa juu. Ukiishuka, mtaa wa chini. Kodi ileile. Umbali wa kwenda kazini kwa Baba uleule. Baba alisema hapo ndipo penye ugumu.

Nyumba ya mtaa wa juu ina ukuta mrefu na geti. Nyuma uani kuna chumba kidogo kimesimama peke yake. Kina mlango. Mlango una komeo kwa ndani. Nililifunga na kulifungua mara tatu. Sijawahi kuwa na mlango.

Nyumba ya mtaa wa chini sebule yake inafunguka moja kwa moja barabarani, kama duka. Mama ni fundi cherehani. Alisimama katikati ya sebule ile akaonyesha kwa kidole: hapa cherehani, pale meza ya kukatia, na mlangoni pale binti yangu, akipokea wateja na kuwapima. Mama ana binti mmoja.

Niseme wazi hapa, kwa kuwa hakuna mwingine atakayesoma. Siwezi kuongea na watu nisiowajua. Mwalimu wa jiografia alinifundisha miaka minne, na siku ya mwisho akaniuliza kama nimekuja kumchukua mdogo wangu. Nilimaliza shule Novemba, nasubiri matokeo. Nilidhani kazi ya kutazamwa na watu imekwisha.

Sasa kuhusu uamuzi. Baba ni mkaguzi wa mizani. Huzunguka madukani na sokoni kuhakikisha kwamba kilo ni kilo. Nyumbani kwetu pia hakuna jambo kubwa linaloamuliwa bila mizani. Ana mizani ya kweli, ya shaba, yenye sahani mbili, pamoja na mawe yake kwenye sanduku lenye kitambaa cha kijani. Sahani ya kushoto itakuwa mtaa wa juu, ya kulia mtaa wa chini. Kila jioni baada ya chakula mwenye sababu anaitoa, Baba anaipa uzito unaoistahili na kuiandika daftarini. Jumamosi mawe yote yatapandishwa kwa pamoja. Ndivyo nilivyochaguliwa shule. Ndivyo nilivyopewa jina, kwa tofauti ya gramu hamsini.

Mama hakutoa sababu yoyote leo. Wateja wake wote wa miaka kumi na mbili amewaacha tulikotoka. Alikaa akiifuta cherehani, ingawa haikuwa na vumbi.

Nimeamua. Mtaa wa juu utashinda, na hakuna atakayejua kwamba ni kazi yangu.

Jumanne, tarehe 7

Mpango wa kwanza: kuthibitisha kuwa mtaa wa chini una kelele.

Nilikwenda saa mbili asubuhi na daftari. Nilichora safu nne: honi, redio, ugomvi, mbwa. Nikakaa juu ya jiwe mkabala na ile nyumba, kimya, kama mtu anayesubiri mwenzake.

Hadi saa nne nilikuwa na redio moja, nayo ya chini. Kisha fundi baiskeli wa pembeni akasema, binti, jua hilo litakubabua, njoo kivulini. Nilitikisa kichwa kukataa. Alielewa kwamba nakubali, akaniletea benchi. Mkewe akatokea na mtoto mgongoni, akasema nishikie huyu mara moja. Mara moja ilikuwa dakika hamsini. Mtoto alilala akaniloesha mkono wa blauzi kwa mate.

Kila aliyepita alinisalimia. Kila aliyenisalimia akauliza. Wa nani wewe? Mmefikia wapi? Baba anafanya kazi gani? Na mama? Nilijibu kwa sauti ndogo ili wachoke waondoke. Kosa. Sauti ikiwa ndogo, watu husogea karibu zaidi ili wakusikie.

Jioni nilisimama mbele ya mizani na kutoa ripoti. Mtaa wa chini una kelele. Asubuhi moja, watu ishirini na sita wamenisemesha. Baba akauliza walisema nini hasa. Mimi ni mkweli, nikasoma daftarini: salamu ishirini na sita, mmefikia wapi, tisa, mama yako anashona na sare za shule, wanne.

Mama aliweka kijiko chini.

Baba akasema hizo si kelele, hao ni wateja. Akaandika nusu kilo upande wa mtaa wa chini. Bibi akanikonyeza, akasema mke mwenzangu, kumbe una kipaji. Bibi huniita hivyo kwa utani tangu nikiwa mdogo. Leo sikucheka.

Jumatano, tarehe 8

Mpango wa pili: kuthibitisha utulivu wa mtaa wa juu. Huu haukuweza kuharibika, kwa sababu mtaa wa juu hakuna watu wa kuuharibu.

Nilisimama chini ya ukuta kuanzia saa tatu. Kimya kitupu. Nilisikia tumbo langu mwenyewe. Nikaandika: Madirisha yanayoonekana 14. Mapazia yamefungwa 14. Watu 0. Mbwa 1 (amelala).

Mlinzi wa geti la jirani akavuka barabara. Akaniuliza nafanya nini. Maneno hayakutoka, nikampa daftari asome mwenyewe. Alisoma mara mbili, polepole, akanitazama kuanzia viatu hadi nywele. Sasa ninapolisoma tena naona alichokiona yeye. Ni daftari la mwizi.

Akaniweka kwenye kiti chake mpaka atakapopatikana mtu wa kunidhamini. Akampigia Bwana Funguo, ambaye namba yake imeandikwa kwenye geti letu, naye akaja baada ya saa moja na nusu. Katika muda huo mlinzi hakunihoji. Alinisimulia. Kumbe tangu Ijumaa hajaongea na mtu, ila honi. Nimefahamu goti lake la kushoto, mkewe aliye mbali, na sare mpya aliyopewa ambayo suruali yake inaburura. Suruali ile ilikuwa inanikera tangu mwanzo, pindo limeliwa na lami. Nikachomoa pini mbili kwenye kola yangu nikamkunjia pindo. Mama hunionya kila siku kwamba pini hukaa kwenye kola, si mdomoni. Mlinzi akauliza nani amenifundisha. Nikamwambia. Akauliza mmefikia wapi. Nikamwambia pia, ili aache kunidhania mwizi.

Jioni: utulivu wa mtaa wa juu, gramu mia tatu. Ushindi! Shangazi naye akaongeza kwamba watu wa mtaa wa juu wana mapazia ya tabaka mbili, na mtu mwenye mapazia ya tabaka mbili ana adabu. Baba alifikiri sana, akatoa gramu mia moja. Sikutegemea Shangazi awe upande wangu. Nilimmiminia chai bila kuombwa.

Bibi akauliza, kwa saa zote hizo, madirisha yale kumi na manne, nani alinisalimia? Nikasema hakuna hata mmoja, kwa fahari. Bibi akamgeukia Baba, akasema mwanangu, nikianguka uani huko nani atasikia? Gramu mia mbili kwa mtaa wa chini.

Mia nne kwa mia saba. Siyo mbaya. Nimewahi kupata alama mbaya zaidi kwenye hesabu nikafaulu.

Alhamisi, tarehe 9

Nimegundua mafuriko.

Nilimwomba Bwana Funguo anifungulie nyumba ya mtaa wa chini nipime madirisha kwa ajili ya mapazia. Uongo mdogo. Ndani, kwenye ukuta wa sebule, kuna mstari wa kahawia unaokwenda sawasawa kutoka kona hadi kona. Unanifika kifuani nikiwa nimesimama. Mtu yeyote aliyesoma jiografia anajua mstari huo ni nini. Maji yaliingia, yakasimama, yakaacha alama. Na nyumba iko bondeni!

Sikukimbia, lakini nilitembea haraka sana.

Baba alipotoka kazini hakusubiri jioni. Mafuriko ni jambo la kilo nzima, alisema, na jambo la kilo nzima hukaguliwa papo hapo. Tukaenda wote watano. Baba akapiga magoti, akanusa ukuta, akakwaruza kwa ukucha, akasugua vidole vyake pamoja. Akasema maji hayaachi mafuta.

Mwenye nyumba akaja kuona tunanusa nini. Alicheka mpaka akajishika kiuno. Mpangaji aliyetoka alikuwa kinyozi. Benchi la wateja lilizunguka ukuta wote huo, na mstari ule ni vichwa na mabega yao, miaka saba, kila siku, wakisubiri zamu. Siku za Jumamosi, alisema, wengine walisimama nje mpaka kwa fundi baiskeli.

Mama aligusa mstari ule kwa kiganja. Akaufuata kutoka kona hadi kona, taratibu.

Baba aliiandika ile kilo. Upande wa chini. Aliiandika mlemle sebuleni, ameegemea ukuta wa vichwa.

Fundi baiskeli akaniita kwa mbali, binti, vipi leo hukai? Nikajifanya nafunga kiatu. Nilivaa kandambili.

Ijumaa, tarehe 10

Gramu mia nne dhidi ya kilo moja na mia saba. Sababu zimekwisha. Imebaki mizani yenyewe.

Mizani ikiwa haitumiki hufunguliwa vipande vipande, sahani zikawekwa sandukuni. Saa nne asubuhi, Mama na Bibi wakiwa wanafua, nilifungua sanduku. Nilichukua sabuni ya kufulia, nikaikanda kwa maji mpaka ikalainika, nikaibandika chini ya sahani ya kushoto, katikati, mahali pasipoonekana. Kipande kikubwa. Nilikisawazisha kwa kidole gumba kikawa laini kama kazi ya kiwandani. Sikuona aibu. Sawa, niliona, lakini nilifikiria komeo.

Chakula cha jioni kilipita vizuri. Kisha Shangazi akasema, huku akichokonoa meno, kwamba tukihamia mtaa wa juu kile chumba cha uani ni chake. Mtu mzima anahitaji faragha. Amekwisha kukipimia kitanda. Mimi nitalala na Bibi.

Nilimwambia kwa heshima kwamba mimi nilikiona kwanza. Akasema yeye aliiona dunia kwanza. Baba akasema hilo halina haja ya kupimwa, mkubwa ni mkubwa.

Kwa hiyo siku tano nimempigania Shangazi mlango.

Nimelala kifudifudi ninaandika haya. Nafikiri. Nyumba ya mtaa wa chini ina stoo nyuma ya sebule. Haina dirisha. Lakini ina mlango, tena na kitasa. Jana niliipima ili nionekane napima: mita moja na nusu kila upande. Mimi ni mrefu kidogo kuliko hapo, ila nikilala mshazari naingia. Suala la kukaa mlangoni na wateja nitalitatua baadaye. Mambo hutatuliwa moja moja.

Mtaa wa chini tayari unaongoza. Ningeweza kuacha mambo yaende yenyewe. Lakini kuna ile sabuni upande wa kushoto. Kipande kile ni kikubwa mno. Sikukipima. Mtoto wa mkaguzi wa mizani, na sikukipima.

Lazima niitoe kesho mapema. Na kwa usalama, niihamishie upande wa kulia.

Jumamosi, tarehe 11

Niliihamisha Baba akiwa bafuni. Sabuni ilikuwa imekauka, ikang'oka nzima, nikailowesha na kuibandika nzima kwa kidole gumba. Dakika mbili. Nilipotoka nilipishana na Shangazi mlangoni. Aliniuliza natafuta nini. Nikamuuliza yeye anatafuta nini. Tukaachana hivyo, kwa amani.

Saa tatu tulikaa mezani. Baba amevaa koti la kazi. Akatoa nguzo, mkono, minyororo, akatundika sahani mbili. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akafunga mikono kifuani, akasubiri mshale utulie.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mizani yoyote hupimwa kwanza ikiwa tupu. Baba amefanya hivyo kila siku ya maisha yangu. Nimemwona akifanya kwenye mizani ya wauza nyama, ya wauza saruji, ya kliniki nilikopimwa nikiwa mchanga. Ni kama mtoto wa mwashi kusahau kwamba ukuta una msingi.

Mshale ukasogea, ukarudi, ukasimama katikati kabisa.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake kijasho kilinitoka, kwa kuwa nilijua chini ya sahani moja kuna sabuni.

Baba hakufurahi pia. Alisema mizani hii ina miaka arobaini, haijawahi kukaa katikati kabisa. Siku zote huegemea kulia kwa upana wa unywele. Akazishusha sahani. Akazigeuza.

Chini ya sahani ya kulia: sabuni ya kufulia, yenye alama ya kidole gumba iliyo wazi kama ya kwenye kitambulisho. Chini ya sahani ya kushoto: nta ya mshumaa.

Shangazi akasema siku hizi kuna joto, nta inaweza kutoka popote. Bibi alianza kutikisika mabega, kisha akacheka waziwazi, machozi yakamtoka. Akaushika mkono wangu akauinua wote waone. Mke mwenzangu, alisema, kucha zimejaa sabuni.

Nilidhani Baba atafoka. Hakufoka. Alivunjika moyo kikazi, jambo ambalo ni baya zaidi. Akatoa mkobani karatasi nyekundu ya kubandika, akaandika tarehe, akaibandika kwenye nguzo: HAIFAI KWA MATUMIZI. Mizani iliyochezewa hukaa kando siku kumi na nne hadi ikaguliwe upya. Mama akamkumbusha kwamba kesho lazima tuondoke hapa. Baba akasema amefungia mizani za watu wenye njaa, hawezi kuifungulia ya kwake kwa sababu mkewe ana haraka.

Tukakaa. Watu wazima watatu, Bibi, na mimi, tukiitazama karatasi nyekundu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mke wa fundi baiskeli, mtoto mgongoni, mkononi kitambaa cha magauni mawili. Nyuma yake wanawake wawili wengine na vifurushi. Nyuma yao yule mlinzi, sare imekunjwa kwapani, akisema samahani, amekimbia mara moja tu kutoka getini. Walikuwa wanamtafuta fundi mpya.

Mama akauliza nani amewaelekeza.

Binti yako, akasema mke wa fundi baiskeli. Yule mwongeaji.

Niligeuka nyuma kuona kama kuna binti mwingine.

Mama alipokea kitambaa, akakikunjua, akakivuta kwa njia ya mshazari kujua kama kinanyumbuka, kama anavyofanya siku zote, kama alivyokuwa hajafanya tangu tuondoke kwetu. Akawaambia waje Jumatatu, mtaa wa chini, nyumba iliyokuwa ya kinyozi. Hakumtazama Baba kwanza. Baba akafunga daftari.

Jumatano, tarehe 15

Siku ya tatu ya kazi mlangoni. Nyumba ni mtaa wa chini. Stoo wamejaza vitambaa, na kitasa chake kimefungwa kufuli ili nguo za wateja zisipotee. Ufunguo anao Mama. Mimi nalala na Shangazi. Hatujazungumzia nta. Anazungumzia mengine yote.

Nimepima watu thelathini na mmoja. Sauti imenikauka. Mama ana furaha, anaimba akikanyaga cherehani, na kwa hilo nafurahi kweli. Lakini hali hii haiwezi kuendelea. Leo mteja alikaa saa nzima baada ya kupimwa, akinieleza ugomvi wake na wifi yake, na nilipomwambia nadhani wifi ana hoja, akavuta kiti.

Nimetafakari nilipokosea. Iko wazi. Sabuni ni nyepesi. Ningetumia risasi, yale madini mazito.

Hata hivyo nimepata mpango mpya, na huu hauna tundu. Nimechora fomu. Kuna picha ya mtu kwa mbele na kwa nyuma, mistari ya kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na nafasi ya kujaza. Kila mtu atajipima nyumbani kwake, atajaza, ataitupia dirishani. Hakuna salamu. Hakuna wifi. Nitakaa nyuma ya pazia, tabaka mbili.

Nimenakili fomu sitini kwa mkono. Tatizo dogo ni kwamba wengi hawatajua pa kuanzia kupima. Kwa hiyo kesho saa mbili nitaanza kwa fundi baiskeli, nipite nyumba kwa nyumba mtaa mzima, kisha nipande na mtaa wa juu nigonge kila geti, nikae na kila mmoja na kumweleza kwa utulivu, mpaka aelewe kabisa, kwamba mimi si mtu wa kuongea na watu.